Shoga yangu hakula hela za upatu

Ugonjwa wa kusahau kwa shoga yangu haukuanza kwa kusahau, ulianza kwa kuitwa mwizi. Nalisema hili mapema manake najua anaesoma hapa ana mama au shangazi au jirani ambae sikuhizi kawa mgomvi, kawa mchoyo, kawa muongo, na watu wameshakata hukumu kwamba uzee umemharibu tabia.

Sisi watu wa Unguja mjini. Mie na yeye tumekaa dawati moja skuli, chuoni tumechapwa na mwalimu mmoja, tumeolewa tumepishana miezi tu. Kwao asili Makunduchi lakini kakulia mjini kwa shangazi yake. Upatu wa mtaani kwetu kijumbe alikuwa yeye tangu watoto wetu wako skuli za msingi, na hakuwahi kuandika, yani hata kikaratasi. Nani kapokea, nani bado, nani kaomba arushwe zamu manake ana harusi Mfunguo Mosi, nani katoa nusu na nusu ataleta Ijumaa, yote yamo kichwani, na hakosei. Mie nimesomesha hesabu mpaka kustaafu na daftari nilikuwa natumia.

Basi siku hiyo zamu ya mtu, kaja kuchukua chake, shoga yangu akamwambia nshakupa. Yule akasema hujanipa. Ikawa nshakupa hujanipa mpaka sauti zikatoka nje watu wakasimama. Baadae ikajulikana zile hela kampa mwengine kabisa, ambae alishapokea zamani, na huyo nae kapokea kanyamaza, Mungu anamuona. Mwezi wa pili likazuka jengine, mara hii hesabu pungufu. Wanawake wakaanza kusema, na mnatujua tukianza kusema. Ati kala hela, ati mwanawe anajenga Fuoni hela za kujengea kapata wapi, ati hawa wanaokaa na tasbihi ndo wabaya. Nikawauliza, mtu kashika hela zenu miaka yote hiyo, angetaka kuiba angengoja mpaka magoti yamemuishia? Hakuna aliejibu. Upatu ukavunjika, na wapo ambao hawajamsalimia mpaka leo.

Sasa kilichonishtua mie wala si hela. Alianza kuapa. Mtu huyu haapi, umri wake wote akisingiziwa jambo jibu lake moja tu, "haya, Mungu yupo", na anaendelea kupepeta mchele wake. Siku zile akawa anaapa kwa Msahafu, anaapa kwa kaburi la mamake, anarusha mikono kama yuko sokoni. Watoto wake hawakuona ajabu, wao waliona mama kachokozwa kakasirika. Mie niliona huyu sie. Na hili ndo neno langu hasa nililokuja kulisema: mtoto anamjua mama, hamjui mtu. Kamkuta tayari mama, ana sauti ya mama na amri za mama, ya nyuma kasimuliwa tu. Shoga ndie aliekuwepo tabia ile inashonwa, kwa hiyo ikianza kufumuka yeye ndo anauona uzi wa mwanzo. Ukiwa daktari au ukiwa mwana na humuelewi mzazi wako, mwite shoga yake wa zamani umuulize, mkalishe umpe chai, atakwambia tangu lini.

Kumpeleka hospitali ilikuwa mtihani. Binti yake akasema mama mtu mzima ana sabini na kitu nani asiesahau. Upande wa baba wakasema kachezewa, wivu wa upatu. Sifichi, tulikwenda kote, kombe kanywa, kasomewa, na mie kisomo sikipingi hata kidogo, nilichosema ni kwamba na presha nayo ipimwe, vyote viwili haviudhiani. Ilipopimwa yule nesi akarudia akidhani mashine mbovu. Kumbe dawa za presha bibie alikuwa anakunywa siku kichwa kikimuuma tu, kisipouma anaziweka, ati zisiishe. Usicheke, tabia hii tunayo wengi.

Daktari mwenyewe kijana, mpole, akatueleza presha ikikaa juu miaka inaharibu mishipa midogo ya ubongo, mtu anapata viharusi vidogovidogo wala hajui kama kapata, na kila kimoja kinaondoka na kitu. Na uko ule wa Alzheimer ambao ndo mwingi zaidi duniani, unakuja polepole zaidi, na wapo wenye yote mawili kwa pamoja. Akapimwa na damu, sukari, tezi ya shingo, vitamini, manake yapo yanayosahaulisha mtu na yakatibika, na hayo ndo ya kutafutwa mwanzo kabla ya kumpa mtu jina la ugonjwa. Halafu akaulizwa maswali. Leo siku gani. Taja wanyama unaowajua, akataja kuku, mbuzi, ng'ombe, kuku, akanitazama nimsaidie, akarudia mbuzi. Akapewa njiti za kibiriti azipange kama alivyopanga daktari. Nikadhani mchezo, kumbe kipimo cha njiti kina maana yake, kimetengenezwa kwa ajili ya wazee ambao hawakusoma, usimpe mtu karatasi achore saa na kalamu hajawahi kushika. Kimefanyiwa utafiti hata hapahapa nchini, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, na hukohuko waliwapima wazee wa miaka 70 kwenda juu wakaona kama 6 katika kila 100 wana ugonjwa huu. Nilivyorudi nyumbani nikawa nahesabu wazee wa mtaa wetu kwa vidole, nikaacha.

Kisha likaja la dawa, na hapa ukipita haraka utakosa. Alikuwa anakunywa Piriton kila usiku apate usingizi, ananunua hapo kona kama anavyonunua peremende, na hajawahi kuifikiria kama dawa. Daktari akasema dawa za namna ile zinavuruga akili za wazee, aache. Kaacha. Hakupona, nisikudanganye, lakini asubuhi akawa anaamka kachangamka zaidi na kuta hazishiki tena akitembea. Mie nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kabatini kwangu nikatoa kila kidonge kisicho na kazi.

Baada ya hapo ndo maisha yakaanza, manake hospitali ni siku moja na ugonjwa ni kila siku.

Tuchukue hela. Zanzibar sie tuna pensheni jamii, mzee akifika 70 analipwa kila mwezi na serikali, awe alikuwa waziri au muuza mihogo. Ilipoanza 2016 ilikuwa shilingi 20,000, baadae ikapandishwa ikawa 50,000. Siku ya malipo ni kama sikukuu, tunakaa foleni tunachekana nani kazeeka zaidi. Shoga yangu anapokea hela zake, akifika nyumbani hazipo. Mwizi? Mkamwana wake. Yule mtoto wa watu anaemkogesha na kumlisha ndo anaitwa mwizi kila mwezi, mbele ya majirani, na mara moja alifunga mabegi yake anataka kurudi kwao na mie nisingemlaumu. Hela tulizikuta ndani ya pipa la mchele, zimefungwa kwenye kitambaa, na ndani ya kitambaa kile na hela za mwezi wa nyuma. Anaficha vizuri mno, anasahau kaficha wapi, kisha akili inatafuta maelezo na maelezo ya karibu ni mtu wa karibu. Nimeona kwa macho yangu alieitwa mwizi bure nae anaita mwenzie mwizi bure, na ugonjwa ni mmoja. Sasa tunafanya hivi: akipokea mie napiga naye hesabu palepale, noti moja anafunga kwenye pindo la kanga yake aisikie ipo, zilizobaki anashika binti yake, na daftari linaandikwa. Akiuliza hela zangu ziko wapi anaguswa pindo. Anatulia. Anauliza tena. Anaguswa tena.

La pili ni sala, na hili sijaona likizungumzwa. Alikuwa anasali adhuhuri anafika rakaa ya pili anatoa salamu, au anasimama ya tano, kisha anajua kuna kitu kakosea hajui nini, analia. Akawa anarudia, adhuhuri inamfikisha mpaka alasiri. Tukamuuliza ustadhi akasema akili ikiondoka kalamu imenyanyuliwa, hana dhambi, msimlazimishe. Sawa, tumefahamu, lakini yeye mwenyewe anataka kusali, hiyo fatwa ukimsomea haimuingii. Ikabidi adhuhuri na alasiri niwe natoka kwangu nakwenda kusali ubavuni pake, naimamisha, takbiri naitoa kwa sauti, nikirukuu anarukuu, nikisujudu anasujudu, na sura fupifupi zile hajapoteza hata herufi. Magoti yangu mabovu, nasali juu ya kiti, yeye chini, na yeye ndie mgonjwa! Mtu akipita akatuona atashangaa nani anamuuguza nani.

Ikishapita alasiri anavaa baibui. Anakwenda kwao. Kwao Makunduchi, mamake anamngoja, na mamake kafa kabla hata Karume hajauawa. Mwanzoni binti yake alikuwa anamwambia ukweli, mama, bibi alishafariki, na kila akiambiwa ni msiba mpya, anapiga kelele mtaa mzima unasikia, kisha keshoyake anavaa tena baibui. Mie siku moja nikamwambia tu, gari ya Makunduchi 310 ya sasahivi imejaa shoga, watu wananing'inia, tungoje ya nyuma. Akasema kweli zile gari zinajaa. Tukakaa barazani tukangoja, nikamuuliza mamake atakuwa kapika nini leo, akanipa habari za samaki wa kukaanga na muhogo wa nazi na kisima kilikuwa upande gani na nani alikuwa anaiba ndimu zao, magharibi ikaadhiniwa ndo tushasahau safari. Wako walionambia huo uongo. Haya, uongo. Waje wao alasiri.

Ila kuna siku ilinitia hofu kweli. Ndani ya siku mbili tatu kabadilika kabisa, anaona watu ukutani, hamjui mwanawe, anang'oa nguo, usiku halali. Ndugu wakasema ndo mwisho wake huo, wengine wakasema nlikwambia jini. Nikamkumbuka yule daktari alituambia ugonjwa huu unashuka polepole, ukiona mtu kaporomoka ghafla tafuta kitu kingine. Akapelekwa akapimwa mkojo, U.T.I, maambukizi ya njia ya mkojo. Hana homa, hajalalamika maumivu, kwa wazee inakuja hivyo, inapanda kichwani. Akapata dawa na baada ya siku kadhaa karudi pale alipokuwa. Na maji, jamani. Hawahisi kiu wazee hawa, na wengine tunajinyima maji makusudi tusisumbuke na choo usiku. Mpe maji mkononi usimuulize anataka.

Ana mwanawe mwengine anakaa Muscat, Oman, huyo alimchukua, kwa nia njema kabisa, nyumba ina viyoyozi na mfanyakazi na hospitali nzuri. Hakukaa. Milango yote ya gorofa ile sawa, nje huendi manake joto, baraza hakuna, na hakuna hata mmoja anaepita akamwambia "hujambo bibi". Alikuwa anapiga simu usiku ananiuliza shoga yake yuko wapi na huku ananizungumzisha mie. Wakamrudisha kakonda. Simlaumu mtoto, na hela anazoleta ndo zinazonunua dawa na pampasi, lakini nawaambia mlio nje, kabla hamjamhamisha mzee wa namna hii fikirini kwamba mtaa ndo umebeba nusu ya akili yake. Kwetu hapa akipotea muuza kahawa anamrudisha.

Mashoga tulikuwa wengi. Wengi wamekata mguu. Wengine kwa ajili ya ule upatu, wengine ati wanamuonea huruma hawawezi kumuona vile, neno hili linaniudhi kuliko tusi, wengine nadhani wanaogopa kuambukizwa ingawa hawasemi. Tumebaki mie na mmoja tunaemwita Redio kwa sababu hasikii, kwa hiyo anazungumza kwa nguvu kama khutba. Redio hasikii, shoga hakumbuki, mie sitembei, tukikaa barazani watoto wanasema hawa watatu ukiwachanganya unapata bibi mmoja mzima. Lakini Redio ana faida yake, shoga anauliza swali lilelile mara kumi na Redio anajibu mara kumi kwa furaha manake nae hakusikia lile la kwanza. Mie ndo nachoka. Nikichoka naondoka, nakwenda kununua urojo, narudi. Usikae ukachoka mpaka ukamchukia mtu.

Na Redio tulimpeleka kutazamwa masikio. Mjukuu wangu ndie aliesoma kwamba madaktari wa lile jarida la Lancet mwaka 2024 waliorodhesha mambo 14 yanayozidisha ugonjwa huu na ambayo yanaweza kushughulikiwa, wakakadiria karibu 45% ya ugonjwa ungeweza kuzuilika au kucheleweshwa, na humo kuna presha, kuna sukari, kuna kukaa peke yako, kuna na kutosikia. Redio alikataa katakata ati uziwi wake ni wa ukoo. Wakamtoa nta mle masikioni, sikwambii ilivyokuwa, na nusu ya uziwi wa ukoo ukaisha palepale.

Mwezi wa saba tukaenda nae Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya kule kwao Makunduchi. Watu wakasema mnampeleka mgonjwa kwenye fujo, mtampoteza. Hela ya gari kalipa mwanawe wa Fuoni. Njiani aliuliza tunakwenda wapi mpaka Redio akachoka kujibu, na si kawaida yake. Tulipofika akashuka, akasimama, akavuta kanga ya kichwa vizuri, na kaanza kutembea mbele yetu. Mbele! Anatuongoza sie. Wanaume wanapigana kwa magomba ya migomba kama kawaida, vumbi, kibanda kinachomwa, wanawake wamevaa vipya wanaimba kuwatukana wanaume, na yeye kajipenyeza katikati ya wanawake anaimba. Maneno yote. Yale ya adabu na yale yasiyo na adabu, na yasiyo na adabu ndo aliyapigia kelele zaidi, binti yake alijifunika uso. Wazee wenzie wa pale wakamjua, wakamwita kwa jina la utotoni ambalo hata mie sikuwa nalijua, akawaitikia. Kisha akakaa uwani kwa jamaa zake, mtu alikuwa anasuka ukili wa mkeka, akauchukua mkononi mwa mwenyewe bila kuomba akaanza kusuka, haangalii, anazungumza huku vidole vinakwenda, ukili mwembamba umenyooka kuliko wa mwenyewe. Mie nimemjua mjini umri wote huo sijawahi kumuona akisuka.

Toka siku ile nampelekea ukindu. Hana haja ya kumaliza mkeka, siku nyengine anafumua anaanza upya, lakini saa ile ya alasiri ya kuvaa baibui, ukimpa ukindu, siku nyingi gari ya Makunduchi haitajwi. Binti yake anasema mama umemtibu wewe. Sijamtibu, anashuka, mwaka huu kuna siku ananiita dada yake na kuna siku haniiti chochote, ananisogezea nafasi barazani nikae.

Tulikuwa tunasikia habari za kanda ya ziwa, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wanauawa ati wachawi kwa macho mekundu, na macho yale ni moshi wa kupikia miaka yote. Nilikuwa nasikia napita. Sasa nawaza wangapi kati ya bibi zile walikuwa wanatoka usiku wanazungumza peke yao wanagonga milango ya watu wanatafuta kwao, na hapakuwa na shoga wa kusema namjua huyu, mwacheni.

Mie nae zamu yangu sijui. Presha ninayo, mama yangu mwishoni alikuwa hivihivi na tukasema uzee. Kwa hiyo nimeandika. Daftari liko kwa binti yangu: kadi yangu ya benki ashike nani, Piriton nisipewe, nikivaa baibui jioni nisizuiwe mlangoni nitembezwe, sura ninazozipenda ni zipi, kaimati nisinyimwe kwa kisingizio cha sukari siku ya Iddi. Binti kasoma kalia kasema mama unajitabiria. Nikamwambia nijitabirie mie sasahivi au mnitabirie nyie baadae mkosee?

Redio yeye nimempa kazi ya kunichunguza, nimemwambia siku ukiona naapa ovyo sema. Wiki iliyopita kashaanza, kakaa pale kwa sauti yake mtaa mzima umesikia, ati nimeanza, ati mchuzi nimetia chumvi mara mbili. Chumvi ya pili aliitia yeye.